Jiwe Lililopumua Sebuleni

Siku mashemeji zangu walipokuja kututembelea, walinikuta nimepiga magoti sebuleni, kichwa kimezama ndani ya tangi la samaki hadi masikioni, na kikoi kimeshanivuka kimelala sakafuni peke yake. Mke wangu Mastura alikiokota akanifunga kama anavyofungwa mtoto, akawaambia dada zake kwamba mumewe alipika melini miaka ishirini na hakuna bandari iliyomrudisha na akili zote. Walicheka. Nami nilicheka. Sikuwaambia nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nasikiliza jiwe, maana lilikuwa linapumua.

Tangi hilo la maji ya chumvi nililiweka mwenyewe, hapa nyumbani kwetu Shella, Malindi. Lilikuwa na samaki watatu, matumbawe machache ya zambarau, na jiwe nililolitoa pangoni kaskazini ya Mambrui, mahali watu wanapoacha ubani na chupa za marashi. Desturi ya pale kila mtu anaijua: ukiingia unapiga hodi, na hutoki na kitu bila kuomba. Mimi niliyeomba ruhusa kwa watu wa forodha wa nchi kumi na nne niliona haya kuliomba pango. Nikalitia jiwe ndooni, nikaondoka.

Wiki ya pili likaota mirija, midogo, myeupe, migumu kama chokaa, kila mmoja na mnyoo wake. Minyoo hao hutupa utando majini kama wa buibui ili wanase chakula, na utando ukigusa matumbawe, yanajikunja na kufa. Nikampigia simu Dzombo, anayetunza matumbawe na wenzake kule Kuruwitu. Akaniambia nipunguze chakula cha samaki, nisiing'oe mirija ovyo, ila kila tundu nilizibe kwa tone la gundi kali, mnyoo afie humo humo. Akauliza jiwe nimelitoa wapi. Nikasema dukani.

Mirija ilikuwa kumi na mmoja. Nilianza baada ya sala ya adhuhuri, jua kali, Mastura jikoni akikuna nazi na kuimba. Nikaziba wa kwanza. Wimbo ukakatika. Nikadhani amesahau maneno. Nikaziba wa pili, wa tatu, nikasikia kikohozi. Kufika wa saba, nyumba nzima ilinuka marashi yaliyochanganyika na samaki aliyeoza, nami nikaendelea kwa kuwa mkono ulishazoea kazi. Nilipoziba wa mwisho, nilisikia mbuzi ya kukunia nazi ikianguka, na mtu akianguka nayo.

Hospitalini, tabibu aitwaye Dorcas alimpima kifua, akakipiga picha, akasema mapafu ni safi na yeye haelewi. Akampa dawa ya kuvuta. Tulirudi alasiri, Mastura akipumua kama anayefyonza uji mzito kwa mrija, akaketi mkabala na tangi, na hapo ndipo nilipoona kwamba pumzi yake na ya jiwe zilikwenda pamoja, jiwe likivuta naye akivuta, likinyamaza naye akinyamaza, na kila likinyamaza lilikaa kimya zaidi ya mara iliyopita, na wale samaki watatu walikuwa wamejibana kwenye pembe moja ya kioo wakitutazama, na midomo ya mke wangu ikaanza kugeuka rangi ya yale matumbawe.

"Baba Ummi," alininong'oneza, "kuna mtu amenikalia kifuani. Amelowa."

Nilimpigia Sidi, mganga wa Kigiriama wa Kakuyuni, ambaye jirani zangu humwendea kwa siri na kumcheka hadharani. Hakuuliza jina la mgonjwa. Aliuliza niliziba matundu mangapi, na nilipomjibu nilisikia akivuta kigoda akaketi. Akasema pepo mwenye pango huvuta pumzi kupitia ile mirija, na akizibiwa hutafuta pumzi ya mtu wa karibu. Niizibue yote, kisha jiwe lirudi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hodi na samahani, matundu yote yakiwa wazi.

Nikachukua sindano ya kushonea magunia. Kila gundi ilipobanduka, Mastura alivuta pumzi moja kamili. Wa kumi ulipofunguka alisimama, akaomba chai. Wa kumi na mmoja ulikuwa ndani ya ufa, gundi imekauka kama mfupa. Nilichokonoa mpaka sindano ikakatika. Nikamtazama mke wangu, anakunywa chai na kulalamika haina tangawizi, nikaona basi, imetosha. Nikalipeleka jiwe pangoni, nikapiga hodi, nikaomba radhi, nikamwaga marashi chupa nzima.

Kesho yake nilikwenda Kakuyuni kushukuru. Kutoka barabarani hadi kwa Sidi ni hatua chache, lakini nilisimama mara tatu njiani, nikiulaumu mwinuko na pilau ya miaka mingi. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamsimulia yote, hata ule mmoja uliobaki, nikiutia mzaha kidogo.

Mikono yake ikasimama.

"Mkeo anapumua sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, mama. Jana amenigombeza saa nzima bila kituo."

Hakucheka. Alikuwa ananisikiliza, lakini si maneno.

"Sasa mama," nikasema, na ilinibidi nipumzike katikati, "huo mmoja umeshika pumzi ya nani?"

"Yako."