Aliyepima Kina

Rafiki yangu, fundi wa friji, hajagusa boti tangu asubuhi moja aliyonisimulia, na yeye na shemeji yake hawasalimiani.

Asubuhi hiyo walikuwa wakirudisha boti yao ya matembezi gatini, ukungu umetanda. Maji yalipopungua walifanya kama kawaida. Rafiki yangu aliinua injini nusu ili propela isiguse matope, akaenda polepole, na shemeji akasimama mbele na mti mrefu, akipima kina na kukitangaza kwa viungo vya mwili.

"Kifua," aliita. "Kiuno. Goti, shemeji, simama!"

Propela ilikuwa imenasa magugu. Rafiki yangu akazima injini, akainama kuyakata. Alipoiwasha tena, ukungu ulikuwa umeficha mbele yote, ila sauti ilikuwepo. "Kiuno. Kata kushoto. Kifua." Akaifuata neno kwa neno mpaka gatini.

Shemeji alikuwa amekaa pale kwenye ngazi, suruali imelowa hadi magotini, ule mti mapajani.

"Nilishuka ulipoinama, nikakatiza kwa miguu," alisema bila kumtazama. "Kuna kitu kiligonga chini ya boti. Niliogopa, shemeji."

"Ukaniacha? Hata kuniita hukuniita? Dada yako ungemwambia nini?"

Shemeji alikuwa akikodolea macho ukungu nyuma ya boti, ambako sauti yake mwenyewe ilikuwa ikiita taratibu, ikisogea kuelekea nchi kavu.

"Kiuno," ilisema. "Goti. Kifundo cha mguu."