Bibi Sikudhani Apiga Hodi Simuni

Huyu ni Hidaya. Ana miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yamekwenda zao.

Anaishi Kondoa na Baba, Mama, na Bibi Sikudhani. Leo Baba na Mama wako shamba, wanavuna alizeti.

Nyumbani wamebaki wawili tu, Hidaya na Bibi. Kuku pia wapo, lakini kuku hawahesabiwi.

Bibi ana simu mpya. Si ile ya vitufe. Hii ni simu ya kupangusa. Inang'aa! Ametumiwa na Shangazi Tausi.

Shangazi Tausi anaishi mbali, kwenye kisiwa, katikati ya ziwa kubwa. Huko mtandao huja kidogo, halafu hujiendea zake.

Ukimpigia, simu inakatika. Krrr! Lakini ujumbe wa sauti hufika. Hungoja mtandao urudi, kisha hufika.

Wiki iliyopita Shangazi Tausi alipata mtoto. Mtoto wa kike! Lakini mtoto hana jina bado.

Jina anatoa nani? Bibi! Katika ukoo wao, bibi ndiye anayempa mjukuu jina. Nalo hutolewa siku ya saba, kabla jua halijazama.

Siku ya saba ni lini? Ni leo.

"Jina lipo," alisema Bibi, akagusa kifua chake. "Limo humu."

"Nani mwingine analijua?" aliuliza Hidaya.

"Hakuna. Wa kwanza kulisikia ni mwenye jina."

"Na jua likizama kabla halijafika?"

"Basi huko watampa jina jingine. Langu nitabaki nalo mwenyewe." Bibi akainamisha kichwa. Hidaya hakupenda kabisa kumwona Bibi hivyo.

"Litafika!" alisema Hidaya. "Baba amenifundisha. Unakiona hiki kipaza sauti kidogo, hapa chini? Ni rahisi, Bibi."

Bonyeza. Shikilia.
Sema. Achia!

Bibi akafuta kidole kwenye kanga. Akabonyeza. Akashikilia. Kisha akagonga mgongo wa simu.

Ko, ko, ko!
"Hodi!"

Akangoja. Akangoja. Kimyaaa.

Akaachia. Fyuuu! Ujumbe ukaenda.

"Bibi! Jina je?" aliuliza Hidaya.

"Nitalitoaje, mjukuu wangu? Sijakaribishwa! Mtu hamwagi habari zake mlangoni."

Akabonyeza tena. Akashikilia.

Ko, ko, ko!
"Hodi!"

Akangoja. Akangoja. Kimyaaa. Akaachia. Fyuuu!

Akabonyeza mara ya tatu. Safari hii alipaza sauti, maana kisiwa kiko mbali.

Ko, ko, ko!
"HODIII!"

Kuku wakakimbia. Kwe-kwe-kwe! Lakini simu, kimyaaa.

Bibi akaachia. Fyuuu! Kisha akaiweka simu kikapuni. "Hodi ni tatu," alisema. "Usipojibiwa, unarudi kwenu. Hiyo ndiyo adabu."

Ni kweli, hodi ni tatu. Hata wewe unayesikiliza unajua. Lakini simu haijui!

Bibi akachukua ungo, akaanza kupepeta uwele. Pepe, pepe, pepe. Jua nalo likapanda, wala halikumngoja mtu.

Mara, kikapuni... Ting! Ting! Ting!

"Bibi! Shangazi!" Hidaya akaileta simu mbio. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Si mmoja, ni tatu.

Wa kwanza ulisema, "Karibu, Mama!"

Wa pili ulisema, "Karibu ndani, Mama!"

Wa tatu ulisema, "Mama, nimekukaribisha mara tatu. Mbona huingii?"

Bibi akaruka kwa furaha. Uwele ukamwagika, pwaa! Kuku wakaona leo ni sikukuu.

"Wapo nyumbani!" alisema Bibi. Akabonyeza haraka. Akashikilia. "Ahsante, mwanangu! Hamjambo?"

Akangoja. Akangoja. Kimyaaa. Akaachia. Fyuuu!

"Bibi! Ungesema jina!"

"Ebo! Kabla sijajua kama hawajambo? Wataniona sina adabu."

Na mtandao wa kisiwani ukawa umeshajiendea. Hapakuja ting. Hapakuja chochote.

Jua likafika utosini. Likaanza kuteremka. Hidaya alitaka kulia. Hakulia, lakini alitaka sana.

Bibi akamwona. "Hebu kanyooshe miguu," alisema. "Mpelekee Mama Mosi mlenda huu." Akatia mlenda kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani.

Hidaya akaenda kwa jirani. "Hodi! Hodi! Hodi!" Hapakuwa na mtu. Mama Mosi alikuwa kisimani.

Hidaya akaliweka bakuli ndani ya jiko la nje, juu kabisa ya kichanja, kuku wasifike. Akarudi.

"Umemkuta?" aliuliza Bibi.

"Sikumkuta. Nimemwachia bakuli."

"Umefanya vizuri. Akirudi atakuta chakula chake."

Hidaya akasimama kama mlingoti. Macho yakamtoka. "Bibi! Ujumbe ni bakuli!"

"Bakuli gani tena?"

"Bakuli la maneno! Unatia salamu ndani. Unatia na jina ndani. Unafunika. Unatuma. Shangazi akirudi atalikuta! Husimami mlangoni kumngoja ale!"

Bibi akamtazama mjukuu wake. Akaitazama simu. Kisha akacheka, kwi-kwi-kwi, mpaka kilemba kikamlegea.

"Jamani! Mabakuli yote niliyopeleka kwa majirani! Leo nishindwe na bakuli la maneno?"

Lakini akaacha kucheka. "Karibu ya asubuhi imekwisha. Sasa nani atanikaribisha tena? Bila kukaribishwa mimi sisemi."

"Nitakukaribisha mimi," alisema Hidaya, "kwa niaba ya mtoto. Halafu nitatoka nje."

"Utoke? Uniache peke yangu na kidude hiki?"

"Wa kwanza kulisikia ni mwenye jina. Si umesema wewe mwenyewe?"

Maneno ya Bibi mwenyewe yalikuwa yamemfunga.

"Na nikikosea?" aliuliza, kwa sauti ndogo. Bibi Sikudhani, ambaye haogopi nyoka wala radi, aliogopa simu.

Hidaya akamshika mkono. "Ukikosea unafuta, unaanza tena. Simu haivunjiki kwa maneno, Bibi."

Wakafanya mazoezi kwenye kiganja cha Hidaya. Mara moja. Mara mbili. Mara kumi.

Bonyeza. Shikilia.
Sema. Achia!

Bibi akaketi vizuri. Akajifunga kilemba upya. Akabonyeza. Akashikilia.

Ko, ko, ko!
"Hodi!"

"Karibuuu!" alijibu Hidaya. Akatoka mbio mpaka uani, akaziba masikio kwa vidole.

Akangoja. Jogoo mmoja alimtazama kwa jicho moja.

Bibi akachungulia dirishani. Midomo yake ilikwenda juu, ikaenda chini. Hidaya akazibua sikio moja. "Unasemaje, Bibi?"

"Kidole kimeteleza!"

"Si kitu! Anza tena!"

"Haya. Hodi!"

"Karibuuu!" Hidaya akaziba masikio tena. Aliziba barabara, hata sauti ya jogoo hakuisikia.

Akahesabu mpaka ishirini. Bibi hajatoka. Akahesabu ishirini nyingine. Bibi hajatoka. Salamu za Bibi ni ndefu, unajua.

Mwisho mlango ukafunguka. Bibi alisimama pale, simu juu, meno yote nje.

"Limekwenda!" alisema. "Fyuuu! Nimelituma mwenyewe!"

Hidaya akarukaruka. Bibi naye akarukaruka kidogo, kwa kiasi cha magoti yake.

Kisha wakaketi kizingitini, wakaitazama simu. Chini ya ujumbe palikuwa na tiki moja.

"Tiki moja, limetoka," alisema Hidaya. "Zikiwa mbili, limefika."

Jua likashuka. Tiki moja.

Jua likagusa mlima. Tiki moja. Bibi akaushika mkono wa Hidaya, akaubana.

Jua likaanza kujificha. Likabaki nusu. Likabaki kipande tu, chembamba kama ganda la chungwa...

"Mbili!" alipiga kelele Hidaya. "Bibi, tiki mbili!"

Na jua likazama. Lizame tu sasa! Jina limefika.

Punde si punde, ting! Ilikuwa sauti ya Shangazi Tausi. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Shikamoo, Mama! Nimemwekea mtoto simu sikioni. Amekusikia wewe, Mama. Wewe wa kwanza! Alikuwa analia, akanyamaza, akafungua macho. Anaitwa Mwanahawa!"

Nyuma yake vigelegele vikalia. Ririririri! Kisiwa kizima kilikuwa kinashangilia.

"Mwanahawa," alisema Hidaya polepole. Lilikuwa jina zuri mdomoni, hata kwa mtu mwenye mapengo.

"Ni jina la mama yangu," alisema Bibi. "Alinibeba mgongoni. Alicheka sana, kila siku. Sasa yupo tena mtu wa kuitwa jina lake." Bibi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na machozi yale yalikuwa ya furaha tupu.

Baba na Mama waliporudi na magunia ya alizeti, walikuta Bibi anapiga vigelegele na Hidaya anacheza uani. Wakaweka magunia chini, wakacheza nao.

Wakala ugali. Wakala na mlenda. Kisha Hidaya akalala kwenye mkeka, karibu na kitanda cha Bibi.

Ting!

Ilikuwa sauti ya Shangazi. "Mama, Mwanahawa hataki kulala. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Hidaya akainua kichwa. Macho yalikuwa mazito. "Bibi, nije nikusaidie?"

"Lala, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Naweza."

Na kweli aliweza. Kidole kikaenda penyewe mpaka kwenye kipaza sauti. Kikabonyeza. Kikashikilia. Bibi akaimba taratibu:

"Lala, kifaranga, lala,
kwetu jua limelala.
Lala, mwana wa ziwani,
Bibi yuko masikioni."

Akaachia. Fyuuu.

Kule kisiwani, Mwanahawa akapiga mwayo, akalala.

Huku Kondoa, Hidaya akapiga mwayo, akalala.

Na Bibi Sikudhani? Bibi hakuwa na usingizi hata chembe. Alikuwa amekumbuka watu tisa ambao hajawasalimu tangu mwaka jana, na sasa alikuwa anajua njia.