Dole Gumba la Mkono wa Kulia

Mzee Jivraj alikutwa amekufa kitandani mwake, mtaa wa Quakers Hill, saa moja na robo asubuhi. Macho yalikuwa yamefumbwa, uso umeoshwa, nywele nyeupe zimechanwa vizuri kama za mtoto anayepelekwa kanisani. Kitu kimoja tu hakikuwa safi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa cheusi kwa wino.

Inspekta Nkatha alikiinamia akakitazama bila kukigusa. Baridi ya Julai ilikuwa imetia ukungu kwenye vioo vya dirisha, na chumba kizima kilikuwa kimya kama kinachosikiliza.

"Nani amemwosha?" aliuliza.

"Mhudumu wake," Sajini Bruno alijibu. "Anaitwa Emerance, Mrundi. Anasema amemkuta amekufa, akamwosha, ndipo akapiga simu. Ameharibu ushahidi, Inspekta. Na ndiye aliyekuwa naye jana jioni."

Daktari wa polisi alifunua kope moja polepole. "Vitone vya damu ndani ya jicho. Amezibwa pumzi, kwa mto nadhani. Jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja ya jioni."

"Na mikono?"

"Wa kushoto umeoshwa. Kama kulikuwa na kitu chini ya kucha, kimekwenda na maji. Wa kulia ndio wenye maneno." Daktari aliuonyesha kwa kalamu. "Mkono huu umepooza siku nyingi. Vidole vilikuwa vimejikunja ngumi. Kuna mtu amevifungua kwa nguvu. Kidole cha kati kimevunjika, na kimevimba."

"Maana yake?"

"Maana yake alikuwa hai, Inspekta."

Daktari aliona miguu ya marehemu iko nje. Aliivuta blanketi akaifunika, ingawa haikuwa kazi yake.

Mezani palikuwa na pedi ya wino, bunda la fomu za saa za kazi, na kitabu kinene chenye jalada la ngozi lililopasuka. Nkatha alisoma jalada: sheria za Bengali chini ya Waingereza. Mzee Jivraj alizaliwa Kisumu, akahamia nchi hii ya kusini mwa dunia, akafundisha sheria miaka ishirini chuoni Kensington, na baada ya kiharusi alikuwa akichapa kwa mkono mmoja kitabu chake cha mwisho: jinsi vijiji vya India vilivyotawaliwa kwa kodi, madaftari na walinzi.

"Mtu anasoma haya kwa hiari yake?" Bruno alinong'ona.

"Wewe unasoma matokeo ya mbio za farasi kwa hiari yako, Bruno. Mwite mhudumu."

*

Emerance alikaa jikoni, mikono kwapani. Koti la Bruno lilikuwa mabegani mwake. Sajini yule aliyemshuku ndiye aliyemfunika.

"Dada Emerance, uliondoka hapa saa ngapi jana?"

"Saa kumi na moja, afande. Nilimwachia supu."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani, Blacktown. Kwa treni."

"Mbona ulimwosha kabla ya kutupigia?"

Machozi yalimtoka. "Kila asubuhi namwosha. Nilimwona amelala na uso mchafu wa mate. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Nilimwosha uso, nikamwosha mkono wa kushoto. Nilipofika wa kulia nikaona wino. Hapo nikaogopa."

"Kwa nini wino ukutishe? Pedi iko mezani kila siku."

"Wa kulia, afande! Yeye hutia dole gumba la kushoto kwenye fomu zangu, kwa sababu hawezi kushika kalamu. Alikuwa anacheka. Anasema, 'Binti, hata mkono wangu wa kulia ungepona ningetia la kushoto, ndivyo makarani wa Bengali walivyowafundisha watu.' Na mimi nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, nikamwambia, baba, hata sisi tulipokea unga kwa dole gumba. Basi tukacheka wote."

Nkatha alizipitia fomu. Alama zilikuwa za kidole kimoja, chenye kovu dogo pembeni, wiki baada ya wiki.

"Na baada ya kutia alama?"

"Namfuta. Mafuta ya nazi na kitambaa. Siwezi kumwacha na kidole kichafu, afande. Atashikaje mkate?"

"Huo mkono wa kulia, nani huufungua?"

"Mimi peke yangu. Kwa maji ya uvuguvugu. Naanza na kidole kidogo, taratibu, kama robo saa. Ukiharakisha analia." Alimtazama Nkatha. "Afande, mtanifunga?"

Nkatha aliziweka fomu kando.

"Mama yangu, Nibigira, yuko kambini Nduta," Emerance alisema. "Miaka kumi na moja namwombea aje huku. Faili lake limefika mwisho, linangoja sahihi tu. Wakili wa bure anayenisaidia aliniambia, usipate kesi yoyote, hata ndogo. Nikishtakiwa, mama atafia kule."

"Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii?"

"Ofisi ya kampuni yetu ya huduma. Meneja wetu, Ronnie. Ni mtu mwema, ndiye aliyenipa kazi."

"Mzee alimpenda?"

Emerance alifikiri. "Mzee alikuwa ananisomea kile kitabu. Eti zamani, Bengali, wanakijiji walitozwa kodi ya kumlipa mlinzi, na mlinzi huyohuyo akawapelekea polisi habari zao. Halafu juzi akasema, 'Binti, mimi ndiye kijiji. Mlinzi wangu yuko Lidcombe.' Nilidhani ni mzaha wa wasomi."

"Ofisi yenu iko wapi?"

"Lidcombe, afande," alisema Emerance. Kisha akaziba mdomo kwa mkono.

*

Nkatha alirudi chumbani akafungua kitabu palipokuwa na alama. Ilikuwa sheria ya walinzi wa vijiji, ya mwaka 1870. Alama yenyewe ilikuwa barua iliyokunjwa, kutoka kwa tume inayopokea malalamiko ya wazee. *Tumepokea maelezo yako kuhusu kifo cha Mama Mutanu. Afisa wetu atakutembelea Alhamisi.*

Leo ilikuwa Jumatano.

Alipiga simu. Mama wa upande wa pili alikuwa na sauti ya uchovu, lakini alitafuta faili bila kunung'unika.

"Mama Mutanu alikuwa Mkamba, miaka themanini na moja, akihudumiwa na kampuni hiyohiyo nyumbani kwake Lidcombe. Alifariki Januari, ile siku ya joto la digrii arobaini na tatu. Kampuni iliandika kwamba alikufa usingizini, alfajiri. Bwana Jivraj anasema si kweli."

"Anajuaje?"

"Walikuwa wakipigiana simu kila mchana, wakizungumza Kiswahili. Siku hiyo Mama Mutanu alimpigia saa nane mchana. Alisema mlango wa chumba umefungwa kwa nje, na maji yamekwisha." Mama yule alifungua ukurasa mwingine. "Bwana Jivraj aliita gari la wagonjwa, lakini anwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Lakini suala hili limefungwa, Inspekta. Ameondoa malalamiko."

"Lini?"

"Jana. Barua ilikuja kwa barua pepe ya ofisi ya kampuni, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Ameweka dole gumba."

Nakala ilipofika, Nkatha aliiweka kando ya fomu za Emerance. Kidole hakikuwa na kovu. Hata Bruno aliona.

"Wa kulia," alisema. "Lakini haimwokoi huyu dada. Anaweza kuwa ametumwa."

"Aliyezoea kuufungua mkono kwa maji ya uvuguvugu kila siku, avunje kidole?"

"Mahakama haihukumu kwa maji ya uvuguvugu, Inspekta."

"Najua. Ndiyo maana tunakwenda Lidcombe."

*

Ronnie Owuor aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, shati limenyooshwa, saa pana mkononi. Ukutani palikuwa na picha yake na wazee wa kanisa. Alipoambiwa kuhusu Mzee Jivraj alikaa chini, akafunika uso.

"Mungu amrehemu. Madam, huyo alikuwa kama mzazi."

"Barua ya kuondoa malalamiko ilikufikiaje?"

"Emerance aliileta. Jana, saa kumi na moja na nusu hivi. Mimi nikaituma tu baadaye." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Sitaki kumsema vibaya, ni dada yetu. Lakini ana shida nyingi. Ana mama kambini. Mtu mwenye shida, madam, unajua."

"Aliileta hapa ofisini? Ulimwona kwa macho?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Wote walikuwa wameshatoka."

Bruno aliandika. Njiani kurudi alisema, "Basi. Tumkamate leo." Nkatha alitazama reli zinavyoachana pale Lidcombe, moja huku, nyingine kule.

"Kwanza niletee rekodi ya kadi yake ya treni. Na ya simu ya Ronnie."

*

Saa tisa alasiri Ronnie alikaa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa amekataa wakili. "Mtu asiye na kosa anatafuta wakili wa nini?" alisema.

"Shifti zako ni ndefu?" Nkatha alianza.

"Kazi ya wazee haina mwisho, madam."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nimekwambia."

Nkatha aliweka karatasi ya kwanza mezani. "Kadi ya treni ya Emerance. Ameingia stesheni ya Quakers Hill saa kumi na moja na dakika kumi. Ametoka Blacktown saa kumi na moja na dakika kumi na nane. Hakufika Lidcombe jana."

"Labda nimekosea saa."

"Hakusafiri tena mpaka leo asubuhi. Umekosea siku?"

Ronnie alinyoosha kola ya shati.

Aliweka karatasi ya pili. "Simu yako. Kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini ilikuwa Quakers Hill."

"Mimi ni meneja. Natembelea wateja."

"Vua saa."

"Madam?"

"Hiyo ya mkononi. Ivue."

Aliivua taratibu. Chini yake palikuwa na mikwaruzo minne, mibichi, imekaa sambamba.

"Paka," alisema.

"Paka wako ana vidole?" Bruno aliuliza.

Ronnie hakumtazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na chumba kilikuwa baridi. Nkatha alimsogezea glasi ya maji, akangoja anywe.

"Emerance huufungua mkono ule kwa robo saa," alisema kwa sauti ya chini. "Anaanza na kidole kidogo. Wewe ulichukua muda gani, Ronnie?"

Ronnie alitazama mikono yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Alipozungumza, ile sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha.

"Dakika moja. Labda haikufika."

"Anza na Mama Mutanu."

"Siku ile wahudumu wawili hawakuja. Nilikuwa na nyumba tatu peke yangu, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa sijalala. Mama Mutanu alikuwa anatoka, anapotea barabarani. Nikamfungia chumbani, nusu saa tu, niende kwa mwingine. Nilimaliza kule nikaingia garini, nikafumba macho." Alisukuma glasi kando. "Nilipoamka jua lilikuwa linatua. Nilipofungua mlango... mikono yake ilikuwa kwenye kitasa."

Bruno aliandika neno moja: kitasa.

"Nikaandika amekufa alfajiri. Miezi sita nimelala na kitasa kile. Kisha nikasikia Mzee ameandikia tume. Jana nilikwenda kumwomba. Nilipiga magoti, madam, kweli nilipiga magoti."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwanangu, nitawaandikia na hilo pia, kwamba umepiga magoti. Ni haki yako liandikwe.'" Ronnie alianza kulia. "Nilikuwa na barua tayari. Mkono wa kushoto akaulalia, akauficha chini ya mgongo. Nikauchukua wa kulia."

"Ulijua umepooza."

"Ndiyo."

"Kwa nini huo?"

"Ulikuwa hauwezi kukataa."

Kalamu ya Bruno ilisimama.

"Hakupiga kelele kidole kilipovunjika," Ronnie aliendelea. "Alinitazama tu. Akasema, 'Hilo si dole langu. Wataliona.' Nikashika mto. Nilitaka anyamaze, asinitazame hivyo. Hapo ndipo mkono wa kushoto ulipotoka."

"Na Emerance? Ulimwajiri wewe. Ulijua habari ya mama yake."

"Nilijua hatajitetea," Ronnie alisema. "Ni mtu wa kusema asante."

*

Ijumaa Nkatha alimpeleka Emerance kwenye chumba cha maiti. Mtoto wa marehemu, aliyekuwa Kanada, alikuwa amepiga simu kuuliza kama yule dada aliyekuwa akimtunza baba anaweza kumtayarisha kabla ya kuchomwa kwa desturi yao. Bruno naye alikuwa amekwisha kuandika barua kwa yule wakili wa bure, kwa mkono wake, kwamba Emerance ni shahidi wa polisi na wala si mshukiwa. Aliiandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa na wino uliomwagika.

Emerance alikuwa ameleta chupa ya mafuta ya nazi, kitambaa cheupe na chupa ya chai yenye maji ya moto.

"Afande, najua hasikii tena maumivu," alisema. "Lakini siwezi kuanza na kile kilichovunjika."

"Anza unavyojua."

Alichanganya maji kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko. Akauzamisha mkono wa kulia, akaanza na kidole kidogo, taratibu, akimweleza Mzee kwa sauti ndogo kwamba nje kuna jua. Wino ulichukua muda. Alipofika kidole cha kati alisimama, akapumua, akaendelea.

Maji yalipopoa, Inspekta Nkatha alichukua beseni akaenda kuyabadilisha.