Kikombe cha Kiriaini

Julai hiyo jua lilikuwa limeisusa Nyeri kabisa, na sokoni watu walinunua mbiombio wakakimbilia chai. Ila mmoja. Kijana mrefu, koti jeusi la kazini, viatu vinang'aa kana kwamba matope hayamhusu, alisimama kwenye kibanda cha Wakiuru akiinua nanasi moja moja na kulinusa kitako.

"Ati unanusa nanasi yangu? Kwani imeoza?" Wakiuru alifoka.

"Nanusa kama imeiva. Mimi ni Fuad, baamani pale hotelini, na ni Mwislamu. Pombe nachanganya tu, sijawahi kuonja hata tone. Naitegemea hii pua."

Wakiuru alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu Fuad alizidi!

Basi Wakiuru akawa ulimi wa Fuad. Mwaka mzima, kila Jumapili, Fuad alipanda hadi chumba cha Wakiuru pale Ruring'u na chupa ya ramu mfukoni. Walikamua nanasi na pasheni, wakaongeza ndimu na tui kidogo la nazi, wakamimina ramu, kisha Fuad akatikisa yote ndani ya chupa kubwa hadi povu likapanda.

"Haya, niambie."

"Ndimu imezidi. Imenikunja uso."

"Uso huo hata ukikunjwa ni mzuri tu." Akaongeza maji ya nanasi. "Na sasa?"

"Sasa nioe."

Alitania. Fuad akaweka glasi chini polepole. "Nitakuoa, roho. Usidhani nacheza."

Mwiba ulikuwa Kiriaini, kwa baba yake Wakiuru. Mzee Kihara, mkulima wa chai, hakuwa na neno na dini ya kijana. Neno lake lilikuwa kikombe. Nyumbani kwake, siku ya posa, binti huonja pombe, humpa mchumba, mchumba hunywa yote, ndipo baba hunywa chake. Bila hivyo hakuna ndoa. Kama hawataki muratina, pombe ya kienyeji, alisema, walete hiyo ramu yao ya matunda, lakini kunywa ni lazima.

"Kuichanganya ni dhambi yangu ya kila siku, nitaijibu," Fuad alimwambia Wakiuru. "Hiyo ya kunywa siibebi. Nitamwomba mzee mbele ya watu."

Wakiuru alimjua babake. Angeombwa, angekataa, na mambo yangeishia hapo.

"Wacha mimi nitengeneze," akasema. "Si umenifunza?"

Asubuhi ya posa, chumba kikiwa baridi na dirisha limejaa ukungu, alikamua nanasi, pasheni na ndimu, akatia tui. Chupa ya ramu hakuifungua. Badala yake alidondosha flevai ya ramu, ile ya keki, isiyo na kileo hata chembe. Akanusa. Ramu tupu! Akaonja, akatabasamu peke yake.

Simu ikalia. Fuad alikuwa Sagana, amemfuata mjomba wake, Dawud.

"Wakiuru, natetemeka. Nikikataa, babako atanifukuza."

Ukweli ulimfika ncha ya ulimi. Lakini Fuad hajui kudanganya, alijiambia, na mzee angemsoma usoni. Hayo ndiyo aliyojiambia. Chini yake palikuwa na jingine, na tuliseme sisi maana yeye hakulisema: alitaka kuona kama atakunywa.

"Wewe kuja tu, mpenzi," akajibu.

Kiriaini ilikuwa na manyunyu. Chini ya hema Wakiuru alipendeza, kitenge cha kijani, shanga shingoni. Alionja, akampa Fuad kikombe kwa mikono miwili.

Fuad alikipeleka puani. Macho yakamjaa maji.

"Mzee, ninaomba..."

"Anayeoa kwangu hunywa kwangu," Mzee Kihara akamkata.

Fuad alimtazama Wakiuru. Wakiuru akainamisha macho.

Basi akanywa. Hakutaja jina la Mungu, yeye ambaye hata maji hayanywi bila kulitaja. Alikimaliza chote. Wanawake wakapiga vigelegele, na mjomba Dawud akainuka, akaenda kukaa garini.

Wakiuru alimvuta Fuad nyuma ya nyumba, kwenye michai, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Fuad, haikuwa na ramu! Ni flevai ya keki! Umekunywa jusi tu!"

Fuad hakucheka.

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi."

"Nilipokupigia kutoka Sagana, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuangalia pale?"

"Lakini hukufanya dhambi, bebi! Si nakwambia ni jusi?"

"Kikombe kilikuwa na jusi. Mimi nilikunywa ramu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Wakiuru. "Nilimwacha Mungu wangu mbele ya watu wenu, na wewe umesimama unangoja uone kama nitamwacha."

"Nilitaka tu kujua kama unanipenda."

"Sasa unajua."

Alimpangusa mvua usoni kwa kiganja, taratibu, kama alivyozoea, kisha akaufuata ukuta wa nyumba kuelekea kwenye gari. Wakiuru alimwita mara mbili.

Gari likawashwa. Kutoka hemani sauti ya babake ikapaa, imechangamka kuliko alivyowahi kuisikia maishani mwake.

"Wakiuru! Niletee mkwe wangu hapa, nikae naye!"