Saa Moja ya Mjomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Kitinda alifuta vumbi kwenye meza ya mama yake, akapanga kalamu, kisha akawasha kompyuta. Mama yake alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Wiki hiyo alichora zahanati, na ramani ilitakiwa Ijumaa. Ikichelewa, kazi ingepewa mchoraji mwingine.

Jumatatu mchana kompyuta iliganda. Jumanne ikajizima yenyewe na kumeza mchoro wa chumba kizima cha sindano, mama akaanza upya kukichora.

"Hapa kuna mkono wa mtu," Kitinda alisema, akimkazia macho kaka yake. Nyumbani kaka huyo aliitwa Kidole, kwa kuwa hapakuwa na kitu asichokigusa.

"Mkono wenyewe huu hapa, Afande. Leta pingu," Kidole alimtania.

Kitinda hakucheka. Jumapili mjomba wao, fundi wa kompyuta, alikuwa amemfundisha kuongeza kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili mama achore haraka zaidi. "Ukipandisha hatua moja, ijaribu saa moja," mjomba alisema. "Isipoyumba, ndipo upandishe tena." Kitinda alipandisha hatua nne na kuziandika zote daftarini. Basi, aliwaza, kosa si langu.

Jumatano mama alikwenda kukagua kiwanja cha zahanati, na kabla ya shule Kitinda alifunga uzi mwembamba kwenye kipanya cha kompyuta ili amnase atakayekigusa. Aliporudi kutoka shule, uzi ulikuwa umekatika.

"Nilikuwa natafuta rula!" Kidole alijitetea.

"Rula chini ya kipanya? Mama, huyu ndiye anayeharibu!"

Mama, aliyekuwa amerudi amechoka hadi macho yamekuwa mekundu, alimkataza Kidole kukanyaga tena chumbani mle. Kidole aliinamisha kichwa, akatoka. Kumwona akitoka hivyo kulimchoma Kitinda kidogo, lakini akajikaza. Hata wenye hatia huinamisha kichwa, alijiambia.

Alhamisi mchana kompyuta iliganda tena. Kidole alikuwa uani akifua. Maji yalisikika yakimwagika. Kitinda akachungulia dirishani, akamwona. Kama si Kidole, ni nani?

Mama alimwita mjomba. Alipofika, aliomba daftari la Kitinda kabla ya kugusa chochote.

"Hatua ya kwanza, saa moja, sawa. Ya pili, saa moja, sawa. Ya tatu, ya nne... zote Jumatatu asubuhi? Kwani uliamka saa ngapi, mpwa wangu?"

"Saa kumi na mbili. Ilipofika saa moja nikaanza kujaribu, kama ulivyosema. Saa moja na nusu nikaenda shule."

Mjomba alishika kiuno. "Ala! Mimi nilisema saa moja ya dakika sitini, wewe ukaenda saa moja ya asubuhi!"

"Nilidhani ni kwa sababu ya ubaridi wa asubuhi," Kitinda alisema kwa sauti ndogo.

Mama alicheka mpaka akaketi. Kitinda peke yake hakucheka.

Mjomba alirudisha kasi ya awali, kisha akapandisha hatua moja. Wakaipa kompyuta kazi nzito, macho yao kwenye kipimo cha joto. Dakika sitini zilipita salama. Wakapandisha ya pili. Dakika ya arobaini joto likapanda, skrini ikaganda.

"Kasi ikizidi, joto huzidi. Huyo ndiye mhalifu wako," mjomba alisema, akairudisha kwenye hatua ya kwanza.

Kitinda alikwenda uani. "Kaka, nisamehe. Nilikusingizia."

Kidole aliendelea kuanika shati. "Uliniuliza maswali yote, Afande. Jibu hukusikiliza hata moja."

"Najua. Nitamwambia mama mbele yako."

Akamwambia. Mama naye alimwomba mwanawe radhi kwa kumfukuza, na chumba kikafunguliwa kwa wote.

Ijumaa ramani ya zahanati ilikabidhiwa kwa wakati. Mama aliporudi, alimketisha Kitinda karibu yake.

"Mwanangu, mashine uliijaribu dakika chache tu ukaiamini. Kaka yako umeishi naye maisha yako yote, lakini yeye hukumwamini. Siku nyingine, kabla hujamshuku mtu, kagua kwanza kazi yako mwenyewe."