Boriti Iliyoandikwa Twiga

Na ijulikane kwa vizazi vyote: mwaka 2091, saa sita mchana, binadamu alizishinda nyufa! Saa sita na robo zikamshinda tena.

Katika bwalo la shule yetu ya bweni, roboti iitwayo buibui-gundi ilikuwa imening'inia chini ya boriti ya zege, ikiibandikia vitambaa vya nyuzi za kaboni, vyembamba kama mashuka yetu lakini vyenye nguvu kupita nondo. Boriti hiyo ilikuwa imepasuka. Juu yake kuna tangi la maji. Chini yake, meza za wanafunzi mia nne. Kioo cha roboti kikaandika: IMESHIKA, ASILIMIA MIA.

"Mhandisi, tia saini basi, watoto wale," akasema Mwalimu Lwitiko, mkuu wa shule, mwenye shingo ndefu kidogo.

Mhandisi Tunu Mwasaga akatoa sarafu ya zamani mfukoni, akapanda jukwaa. "Mashine imetazama, Mwalimu. Mimi nataka kusikia."

Akagonga. Ti, ti, ti, kisha: bu. Penye bu, gundi haikushika. Kila penye bu akatia chaki.

"Utagonga mpaka lini, mama? Wali unapoa."

"Mpaka mwisho. Hii ikianguka, wali hautakuwa na mlaji."

Aliposhuka, chaki zilikuwa zimeunda herufi tano kubwa: TWIGA.

Mwalimu Lwitiko akanyoosha shingo ili asome. Bwalo zima likashikwa na kikohozi.

Tunu hakucheka. Jana roboti ilikwangua zege na kuisafisha. Jioni, mtu alipanda jukwaa akaandika kwa kidole kilichochovywa mafuta ya nazi, yasiyoonekana hata kidogo. Gundi haishiki penye mafuta.

"Na aliyeandika anakula humuhumu," akasema taratibu.

Akaamuru vitambaa vyote vibanduliwe. Siku tatu alikwangua, akafuta, akabandika, akagonga, huku sisi tukila juani. Mwalimu alinung'unika, lakini Mhandisi hakusaini mpaka boriti ilipoitika ti, mwanzo hadi mwisho.

Nilimpelekea Mhandisi Tunu hadithi hii aikague upande wa sayansi. Imerudi na mstari mwekundu mmoja tu, chini ya maneno "mafuta ya nazi". Pembeni ameandika: "Mimi niliona mafuta tu. Nani alikuambia ni ya nazi, mwanangu?"

Basi. Ni mimi. Yalikuwa mafuta yangu ya kujipaka. Na meza ninayokulia iko chini ya W.