Maneno ya Ramdhani Mwenyewe

Kila asubuhi Sugiya aliwakandia watu sita unga wa mikate, mtandio umemfunika uso. Kijijini kwao mke hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Kwa miaka kumi na mmoja, shemeji yake Jagdish hakuwahi kusikia sauti yake.

Siku ile unga ulibaki kwenye sinia. Mumewe, Ramdhani, alikuwa amekatwa panga kwenye mpaka wa shamba la miwa, mpaka waliougombania na jirani yao Bhola na ndugu zake. Juu ya tela la trekta, njiani kwenda hospitali, alimwambia mkewe, "Ni Bhola. Peke yake."

Wodini Jagdish alimwinamia mdogo wake. "Taja Bhola na ndugu zake wote watatu. Tuwafagie! Panga nimeliona kwenye miwa, naenda kulileta."

"We baba, koma hapo hapo!" alisema muuguzi Kamla, mama wa makamo asiyewavumilia wajuaji. "Panga usiliguse. Waonyeshe polisi. Waliokote wao mbele ya mashahidi wawili wasio wa familia, walifunge kwa kitambaa na kulitia lakiri, ile nta ya muhuri. Ukilileta wewe, wakili wa Bhola atasema umeliweka mwenyewe."

"Na majina je?"

"Hakimu yuko njiani kuja kuandika maneno yake. Daktari atathibitisha kwanza kwamba mgonjwa ana fahamu zake. Mahakama huyapokea maneno ya marehemu juu ya aliyemuumiza, ingawa hayupo tena wa kuulizwa. Kwa hiyo lazima yawe yake mwenyewe. Likiingia jina moja la uongo, hata la kweli litatiliwa shaka. Ndugu wote mtoke nje."

Sugiya aliumia moyo. Kina Bhola wote aliwachukia. Halafu, je, akitoka, mumewe akakata roho yeye hayupo?

Jagdish hakubanduka. Hakimu alikuwa tayari mlangoni. Ndipo Sugiya akauondoa mtandio usoni.

"Shemeji, toka. Usimtilie maneno mdomoni. Mimi kaniambia Bhola peke yake. Huo uongo wako utamwokoa muuaji."

Jagdish alipigwa na butwaa. Akatoka, kichwa chini, Sugiya nyuma yake. Mlango ulipofunguliwa, Ramdhani alikuwa amekwishakata roho. Sugiya alijilaumu mwaka mzima kwa kumwacha.

Mahakamani wakili wa Bhola alidai kwamba mke ndiye aliyemfundisha marehemu la kusema. Daktari na hakimu wakaeleza kuwa hapakuwa na ndugu chumbani. Panga likaletwa, lakiri nzima. Ndugu zake Bhola walikuwa mnadani siku ile, watu wengi wakiwaona. Lakini hawakuwa wametajwa, hivyo wakili hakupata pa kushika.

Siku ya hukumu jaji alisoma maneno ya Ramdhani kwa sauti. "Bhola alinikata. Alikuwa peke yake. Nimemaliza. Sasa mwiteni mke wangu."

Bhola akatiwa hatiani. Sugiya hakusikia hata ni kifungo cha miaka mingapi.

"Alikuita, shemeji," Jagdish alimwambia taratibu.

"Nimesikia," Sugiya alijibu, uso wazi, machozi yakimtiririka.